Mpira Usio na Kihamba

Siku inayofuata Krismasi, baada ya ibada na baada ya chakula cha mchana, watu wa Mwika hutoka majumbani kwenda kutazama mpira. Wako wanaoshuka kutoka vitongoji vya juu vinavyopakana na msitu, na wako wanaopanda kutoka upande wa chini, ambako migomba huanza kupungua na joto la tambarare huanza kusikika. Barabara itokayo Himo, ikapita Marangu Mtoni na kuendelea hadi Rombo, huwa na magari mengi siku hizo, kwani Desemba ndiyo mwezi ambao Wachagga waliotawanyika nchi nzima hurudi mlimani. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa wiki nzima kabla ya sikukuu, na watoto waliozaliwa Kinondoni au Temeke huletwa waonyeshwe makaburi ya mababu zao ndani ya migomba.

Kiwanja ni cha shule. Kimechongwa ubavuni mwa mlima, na kwa hiyo upande wake wa juu una ukingo mrefu wa udongo, nao ukingo ndio jukwaa. Wazee hukaa juu kabisa, mahali penye kivuli. Vijana husimama chini yao. Watoto hukaa kwenye mstari wenyewe, hata mshika kibendera hulazimika kuwaruka. Upande wa chini hauna watazamaji wengi, kwa sababu mpira ukitoka huko huteremka hadi kwenye kahawa ya mtu, na anayesimama huko ndiye atakayetumwa kuufuata. Hakuna tikiti wala geti. Lakini kuna swali ambalo kila mgeni wa ukingoni huulizwa kabla mechi haijafika nusu, nalo ni, "Wewe ni mtoto wa nani?" Kijana aliyekulia mjini, akishatoa shikamoo yake kwa meku aliyemuuliza, hutaja jina la babu. Likitajwa jina la babu, mzee hunyoosha kidole kuelekea mgombani fulani upande wa pili wa bonde, na mambo yamekwisha: mtazamaji amepata mahali pa kukaa.

Timu zinazocheza hazimo katika daftari la shirikisho lolote. Huenda ni kitongoji dhidi ya kitongoji, usharika dhidi ya usharika, wa juu dhidi ya wa chini, au, kama inavyopendeza mno, waliobaki dhidi ya waliorudi. Zawadi huwa mbuzi, au mipira na jezi zilizonunuliwa na mfanyabiashara aliyefanikiwa huko alikokwenda. Kandanda lenyewe si la kusifiwa sana. Wa mjini huwa na viatu vizuri na pumzi fupi. Wa nyumbani huijua miteremko ya kiwanja na hutumia ujuzi huo bila huruma. Hata hivyo wanaotazama huwa wengi, na hutazama kwa hamu ambayo mechi nyingi zenye waamuzi wa kulipwa haziipati. Wiki mbili baadaye timu hizo hazipo tena.

Hapo ndipo penye jambo la kufikiriwa. Ni shida kupata katika Tanzania watu wanaojulikana kwa kushikamana na mahali pa asili kuliko watu wa mlima huu. Mchagga aliyekaa Mwanza miaka arobaini bado husema "nyumbani" akikusudia ubavu fulani wa Kilimanjaro, na mara nyingi huzikwa huko. Ingetegemewa basi kwamba mpira, mchezo ambao ulimwenguni kote hupenda kujishikiza kwenye jina la mahali, ungelikuta jina hilo mlimani na kulishika. Haikuwa hivyo. Kwa muda wa miezi kumi na moja mahali hapana timu, na kwa mwezi mmoja panayo.

Ili kuliona jambo hili vizuri inafaa kwenda mbali kidogo, kwenye kisiwa cha Ireland, ambako huchezwa mchezo wa magongo uitwao hurling. Watu kumi na watano kila upande hushika fimbo pana za mti wa ash na kuupiga mpira mdogo wa ngozi, wakati mwingine ardhini, mara nyingi zaidi hewani, kwa kasi inayomtisha mgeni. Ukipita kati ya miti miwili juu ya mwamba ni pointi moja. Ukiingia wavuni chini yake ni pointi tatu. Mchezo ni wa kale sana, lakini chama kinachousimamia kiliundwa tarehe 1 Novemba 1884 katika hoteli moja mjini Thurles, na msingi wake ukawa parokia. Mtu huchezea klabu ya mahali alipozaliwa au anapoishi, hapokei mshahara, na kuhama klabu si jambo jepesi. Juu ya klabu ziko timu za kaunti, na hizo ndizo zinazojulikana nje ya Ireland. Lakini tangu msimu wa 1970-71 kuna ubingwa wa klabu wa nchi nzima, ambao mara ya kwanza ulichukuliwa na Roscrea, mji mdogo wa kaunti ya Tipperary. Klabu iliyoutwaa mara nyingi kuliko zote, Ballyhale Shamrocks, inatoka katika kijiji kidogo cha Kilkenny. Kwa miongo kadhaa fainali ilichezwa tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, katika uwanja wa Croke Park mjini Dublin wenye nafasi zaidi ya 80,000. Siku hizi huchezwa mwanzoni mwa mwaka. Mwisho wa juma la fainali, kijiji kilichofika hapo huhama karibu chote. Viti vingi uwanjani hubaki vitupu, na hakuna anayejali, kwani waliopaswa kuwapo wapo.

Kufananisha Mwika na Kilkenny si jambo la kulazimisha kama linavyoweza kuonekana. Kanisa Katoliki la Kilimanjaro liliongozwa kuanzia 1932 na Mwairishi, Joseph Byrne wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambaye Jimbo la Moshi lilipoundwa mwaka 1953 alikuwa askofu wake wa kwanza hadi 1959. Mlima huu ulimjua vizuri mtu aliyetoka katika nchi ya magongo na parokia. Magongo hayakupandwa hapa, na hapana haja ya kusikitika. Lililo muhimu ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na watu wa mashamba madogo, wenye kanisa kama kiungo chao, wenye vijana wengi wanaohama, na wenye kumbukumbu ndefu ya ardhi iliyochukuliwa. Upande mmoja ulipata klabu. Upande wa pili haukupata.

Jibu la haraka ni kwamba mlimani hakuna vijiji vya kukusanyika, na ni jibu lenye ukweli ndani yake. Nyumba ya Mchagga haikujengwa kando ya nyumba nyingine kwenye mtaa. Ilijengwa katikati ya kihamba chake, kimezungukwa na migomba, kahawa na mfongo wa maji, na mpaka wake ukiwa mstari wa masale. Mtu anaweza kupita Mwika yote asione kijiji, akaona bustani moja isiyokwisha, na kumbe amepita maelfu ya watu. Lakini Ireland nayo ina nyumba zilizotawanyika mashambani, kila moja na uzio wake. Kutawanyika peke yake hakutoshi kueleza.

Zaidi ya hayo, mlima ulikuwa na viwanja vyake kabla haujawa na mpira. Kila himaya ya mangi ilikuwa na uwanda wa majani ambako kesi zilisikilizwa, ngoma zilichezwa na rika la vijana lilikusanywa. Mmisionari Mjerumani Bruno Gutmann, aliyefika mlimani mwaka 1902 na kuondoka 1938, aliandika kwa kirefu juu ya mabaraza hayo katika kitabu chake kikubwa cha sheria za Wachagga kilichochapishwa 1926. Gutmann aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ndiyo mifupa ya jamii hiyo, na alijaribu kulijenga kanisa juu yake badala ya kuivunja. Wenzake wengi hawakukubaliana naye, na pengine alikuwa na mapenzi ya kupita kiasi kwa mambo ya kale ya watu wengine. Hata hivyo aliona sawasawa jambo moja: kwamba kwenye majani yale hapakuwa na mtu aliyekuja kutazama tu. Aliyesimama pembeni wakati wa kesi alikuwa shahidi wa kesi. Aliyesimama pembeni wakati wa ngoma alijulikana ni wa rika gani, na kutokuwapo kwake kuliulizwa.

Viwanja hivyo vilikwenda wapi? Havikuchukuliwa vyote kwa siku moja. Wamisionari wa Kikatoliki walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893; kila walipokwenda walimwomba mangi mahali, na mahali palipofaa kujengwa kanisa, shule na nyumba ya mwalimu palikuwa pale palipo tambarare. Utawala wa Kijerumani, kisha wa Kiingereza, ulihitaji mahakama na ofisi, nazo pia hazijengwi mteremkoni. Kisha ikaja kahawa. Zao hilo, ambalo lilianza kwa misheni, liligeuka kuwa la wenyewe wananchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kwanza, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichokuja kusifiwa Afrika nzima. Kahawa ilikitia kihamba thamani ya fedha. Ardhi ambayo haikuwa kihamba cha mtu ikatazamwa kama kihamba ambacho bado hakijapata mtu. Idadi ya watu ikaongezeka, na majani ya baraza yakapungua, kipande baada ya kipande, bila ugomvi wa kukumbukwa. Mwaka 1963, serikali ya Tanganyika huru ilipouondoa utawala wa machifu, hata waliokuwa na cheo cha kuyalinda majani hayo walikoma.

Petro Itosi Marealle wa Marangu, aliyekuwa mtawala wa Vunjo yote, alikwisha kuandika kwa Kiswahili kitabu chake *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera* mwaka 1947, kana kwamba aliona kuna mengi yanayopaswa kuandikwa kabla hayajaondoka. Msomaji wa kitabu hicho hukutana na mtu anayezaliwa, anayeoa, anayekufa na anayekumbukwa, na kila hatua ina mahali pake katika ardhi.

Mpira, kwa upande wake, uliingia mlimani kwa mlango wa shule. Unguja nako ulianzia shuleni: katika robo ya mwisho ya karne ya 19 wanafunzi wa Kiungani, shule ya misheni ya Kiingereza, walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa pwani hii kuucheza. Lakini Unguja mpira haukukaa shuleni. Ulitoka, ukaingia Ng'ambo, ukajichukulia majina ya mitaa, na jioni ukakutana kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja, kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, mbele ya watu waliokuja kwa miguu. Laura Fair, mwanahistoria wa Kimarekani, ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 2001 jinsi mpira huo ulivyokuwa mahali ambapo watu wa Ng'ambo walijifunza kujiendesha, kujichagulia viongozi na hata kumkabili mzungu aliyeshika kipenga. Hadi leo orodha ya klabu za Zanzibar husomeka kama ramani ya mji: Malindi, Mlandege, Miembeni, Kikwajuni, Jang'ombe. Mlandege ilipolichukua Kombe la Mapinduzi mwaka 2023, na kulichukua tena 2024 kwa kuifunga Simba bao moja kwa bila, lililoshinda ni jina la mtaa ambao mtu anaweza kuuzunguka kwa miguu kabla chai haijapoa.

Mlimani mpira ulibaki mali ya kengele. Ulichezwa saa iliyopangwa, katika kiwanja cha shule, kwa ajili ya shule. Kijana alipomaliza masomo alimaliza na mpira, isipokuwa kama alipata kazi mahali penye timu. Na waliopata kazi mahali penye timu hawakuwa mlimani tena. Hili linaungana na desturi ya urithi. Katika mila ya Kichagga kihamba cha baba kilielekea kwa kitindamimba, na mtoto wa kwanza alitafutiwa chake mapema; wana wa kati, wakiwapo, walijitafutia. Ilipokuwa bado kuna ardhi, walijitafutia juu au chini ya mlima. Ilipokwisha, walijitafutia Moshi mjini, Arusha, Tanga, Dar es Salaam. Ndio waliokuwa makarani, madereva, wenye maduka. Na bila shaka ndio waliokuwa mabeki na viungo wa timu za watu wengine. Mabinti, ambao mila haikuwapa kihamba, waliondoka kwa njia yao, na sheria za ardhi za mwaka 1999 zilizowapa haki sawa zimekuta sehemu kubwa ya mlima imekwisha kugawanywa. Wanaorudi Desemba ni hao hasa: wana wa kati na mabinti, na watoto wao.

Fedha za kahawa zingeweza kununua viwanja. Zilinunua mambo mengine, na si haki kuzilaumu, kwa sababu zilinunua elimu, jambo ambalo mlima uliliona la maana kuliko yote. Zilijenga pia jengo refu la KNCU mjini Moshi. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi, na ndani ya eneo lake kikawapo kiwanja kinachoitwa Uwanja wa Ushirika. Jina hilo ni zuri, ila ni jina la kazi, halikuwa la watu wa mahali. Serikali ilipovifuta vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na hata viliporudishwa miaka ya 1980, hakuna aliyeweza kusema kwamba kijiji fulani cha Vunjo kilipoteza au kupata uwanja wake, kwa kuwa hakikuwa nao.

Hapa ndipo Ireland inapofundisha. Chama cha mwaka 1884 kilizaliwa katikati ya vita vya ardhi. Michael Davitt, aliyeanzisha umoja wa wapangaji mashamba mwaka 1879, alikuwa mmoja wa walezi wake, pamoja na Charles Stewart Parnell na Askofu Mkuu Croke. Katika miaka iliyofuata, hasa kwa sheria ya mwaka 1903, wakulima waliokuwa wapangaji waliweza kuyanunua mashamba waliyolima. Mchezo ulikua pamoja na ununuzi huo. Chama chenyewe kilinunua mwaka 1913 uwanja wa Dublin uliopewa jina la Croke, na parokia moja baada ya nyingine zikanunua shamba moja dogo, zikaliandika kwa majina ya wadhamini wa klabu, zikalifanya kuwa la wote. Kwa hiyo klabu ya hurling ni kipande cha ardhi kabla haijawa timu. Timu inaweza kufungwa miaka ishirini mfululizo, vijana wanaweza kuhamia Boston au London wote, na kipande kile bado kipo, na anayerudi anajua pa kusimama.

Tanzania Bara ilichukua njia nyingine. Klabu zake mbili kubwa, Young Africans ya 1935 na Simba iliyoanza mwaka mmoja baadaye, zilitokana na mitaa ya Dar es Salaam, na mpaka leo majengo yao yako Jangwani na Msimbazi, jirani na Kariakoo. Lakini zilivyokua zilitoka mitaani mwao zikawa za kila mtu. Nje ya hizo, timu nyingi zilizopata nguvu zilikuwa za kazi: za majeshi, za polisi, za reli, za bandari, za viwanda vya sukari. Viwanja vikubwa vya mikoani, ambavyo vingi vilijengwa kwa nguvu na michango ya wananchi, vilibaki mikononi mwa chama tawala hata baada ya nchi kurudi kwenye mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Mtazamaji wa Arusha, Mwanza au Mbeya huketi katika uwanja wa chama kutazama timu ya taasisi. Jambo hili huzungumzwa kila mara kama suala la siasa. Ni suala la kihamba vilevile.

Mji wa Moshi uliionja hali hiyo kati ya 2019 na 2023, miaka ambayo Polisi Tanzania ilicheza Ligi Kuu na kuutumia Uwanja wa Ushirika kama nyumbani. Ilikuwa fahari kwa mkoa kuona ligi ya juu chini ya mlima, na watu walikwenda. Lakini siku walizokuja Simba au Yanga, aliyeingia uwanjani bila kujua ni nani mwenyeji asingeweza kubahatisha kwa kutazama watu. Nyekundu, au kijani na njano, ndiyo iliyotawala. Si kwamba watu wa Moshi waliwachukia askari wao. Ni kwamba waliulizwa wamshangilie mwajiri ambaye si wao, na wakachagua kumshangilia rafiki wa tangu utotoni, ambaye anaishi mbali. Timu iliposhuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2022/23, huzuni ilikuwa ndogo kuliko inavyopaswa kuwa pale mkoa mzima unapopoteza ligi.

Mtu anaweza kusema, na wako wanaosema, kwamba Simba na Yanga zinatosha. Kwamba ni heri taifa ligawanyike kwa rangi za jezi kuliko kwa makabila na vijiji. Hoja hiyo si ya kubezwa. Serikali zilizofuata uhuru ziliziogopa timu za kikabila, na kwa nchi yenye makabila zaidi ya mia moja hofu hiyo ilikuwa na busara yake. Lakini kitongoji si kabila. Mlandege haikuivunja Zanzibar, na kule Ireland, ambako parokia mbili jirani hupigana magongo hadi damu itoke puani, jioni wachezaji huonekana wamesimama kaunta moja. Kilichopotea mlimani si uhasama wa vijiji. Huo upo wa kutosha, na hutumia mipaka ya masale badala ya mistari ya chokaa. Kilichopotea ni mahali ambapo uhasama huo ungeweza kuchezwa ukaisha saa kumi na mbili.

Kwa sababu hiyo mechi za Desemba ni zaidi ya burudani ya sikukuu. Ukiutazama ukingo wa juu wa kiwanja cha Mwika siku hiyo, unaona baraza la zamani limerudi kwa saa mbili. Wazee wanasikiliza kesi ambayo haikuitishwa: nani amerudi, nani hakurudi mwaka wa tatu sasa, nani amemleta mke, kihamba cha nani kimeota magugu. Kijana wa kitindamimba aliyebaki kumtunza mama anacheza winga upande wa wa nyumbani, na kaka yake aliyekwenda anacheza beki upande wa wa mjini. Akimpita, ukingo wote hucheka, na kicheko hicho kina mambo ndani yake ambayo ndugu hao wawili hawajawahi kuyasema mezani. Wanawake wanaouza ndizi za kuchoma na mbege huipa mechi mgongo kwa dakika nyingi, lakini hujua matokeo kuliko mwamuzi. Wasichana wa netiboli huchezea pembeni, kwenye kipande kilichobaki, baada ya wanaume au kabla yao. Hapa mlima hauna la kujivunia, kwani Waairishi waliwaundia wanawake wao mchezo wa magongo wenye chama chake tangu mwaka 1904.

Lakini hapana kinachowekwa akiba. Mshindi hupewa mbuzi, na mbuzi huliwa usiku huohuo. Jezi hugawanywa, na mwezi wa pili huonekana zikivaliwa shambani. Hakuna daftari, hakuna mweka hazina, hakuna wadhamini. Aliyetoa zawadi mwaka huu huenda asitoe mwakani, biashara ikiwa mbaya, na asipotoa hakuna wa kumwuliza. Kila Desemba mashindano huanzishwa upya kana kwamba hayakuwahi kuwapo, na yanayokumbukwa hukumbukwa na watu wale wale wa ukingoni, ambao mmoja mmoja huhamia makaburini, kila mtu kwenye kihamba chake.

Wakati huohuo bei ya ardhi inapanda. Waliofanikiwa hujenga nyumba kubwa ambazo hufunguliwa wiki mbili kwa mwaka, na shule yenyewe, ikihitaji madarasa mapya, haina pengine pa kuyajenga isipokuwa ndani ya mipaka yake. Kiwanja hupunguzwa hatua kumi mwaka huu, tano mwaka ujao. Goli moja husogezwa. Wachezaji hulalamika kidogo, kisha huzoea, na mchezo huwa wa kasi zaidi kwa kuwa nafasi ni ndogo.

Wiki ya kwanza ya Januari mabasi hujaa tena, safari hii yakiteremka. Shule hufunguliwa, na wanafunzi hupangwa mstarini asubuhi palepale ilipokuwa katikati ya kiwanja. Jioni wavulana hucheza chandimu kwenye njia nyembamba iendayo kisimani, kati ya uzio wa masale wa huku na uzio wa masale wa kule, kwa mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kwa kamba za migomba. Akipita mzee husimama, mmoja wao huushika mpira chini ya kwapa, wote husema shikamoo, naye huwaitikia na kuwauliza mabao ni mangapi.